Tuhesabu wati, si taa

Juma hili nataka tuzungumze juu ya chumba.

Sizungumzii jumba la vyumba sita lenye sebule na veranda. Nazungumzia chumba kimoja cha kupanga, kile cha futi 10 kwa 10, ambamo kitanda, meza, kabati la nguo, ndoo za maji, jiko na mgeni vyote vinatakiwa vienee. Ndimo anamoishi mwalimu aliyepangiwa kazi Matamba. Ndimo anamolala kijana anayeuza duka pale stendi ya Makambako. Ndimo wanamosoma wanafunzi wetu waliotoka vijiji vya mbali wakapanga karibu na shule ya kata. Vijana hukiita geto. Kwa wengine wetu ndiyo nyumba yenyewe, yenye mke, watoto na pazia lililogawa upande wa kitanda na upande wa viti.

Hoja yangu ni fupi. Chumba kidogo chaweza kuonekana kipana pasipo kubomoa ukuta, kwa kupanga taa vizuri tu. Lakini katika nyumba nyingi za kupanga jambo hilo limezuiwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: chumba kimoja, taa moja. Naamini sheria hiyo imepitwa na wakati. Inamnyima mpangaji nafasi ya kupumua, na haimwokolei mwenye nyumba fedha anazodhani inamwokolea.

Tuanze na jambo lenyewe. Je, kweli taa yaweza kupanua chumba? Mwaka 1973 mtafiti mmoja wa Marekani, John Flynn, pamoja na wenzake, walieleza jaribio walilolifanya katika chumba kimoja cha mikutano. Meza na viti havikuguswa, kuta zilibaki zile zile. Walichobadilisha ni taa peke yake, mipangilio sita mbalimbali, kisha wakawauliza watu waliokaa humo wanakionaje chumba. Mipangilio iliyoangaza kuta ilikifanya chumba kile kile kionekane kipana zaidi kuliko ule uliomwaga mwanga mezani kutoka juu.

Sababu yake haihitaji elimu kubwa kuielewa. Jicho hupima chumba kwa mipaka yake. Likiziona kona zote nne na mahali ukuta unapokutana na dari, hukiona chumba kizima. Kona zikiwa gizani, chumba kwa jicho kinakoma pale mwanga unapokoma. Balbu moja iliyoning'inia katikati, hasa ikiwa na kofia, huangaza utosi wa mtu, meza na sakafu. Kuta zinabaki na kivuli, na kivuli hicho kinakuwa ndio ukuta wenyewe, umesogea ndani.

Sisi tuliokulia Matamba tunalijua jambo hili tangu enzi za koroboi. Matamba, kwa wasiopafahamu, ni mji mdogo wa baridi wilayani Makete, kandokando ya uwanda wa Kitulo, huko juu unakofika ukipanda kutoka Chimala kwa ile barabara ya kona 57. Kwa sababu ya baridi, wazee wetu walijenga nyumba zenye madirisha madogo, na wakati wa kipupwe hata hayo madogo yalizibwa kwa magunia. Jioni koroboi iliwekwa mezani. Mwanga wake ulikuwa duara dogo, na wote tulisogea ndani ya duara hilo, bega kwa bega, vivuli vyetu vikicheza nyuma. Chumba kilikuwa kikubwa kama lile duara, si zaidi. Siku ya ugeni ilipoazimwa karabai ikatundikwa juu, chumba kile kile kiligeuka ukumbi, maana mwanga ulifika hadi kwenye kona ambako hata mwenyewe ulikuwa umesahau kuna nini.

Kisha umeme ukafika vijijini. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007, na wananchi wengi wa vijijini wameungiwa umeme kwa shilingi 27,000. Ni jambo la kushukuru. Lakini tazama tulivyofanya. Tuliondoa koroboi mezani, tukatundika balbu moja juu ya pale pale ilipokuwa koroboi. Mwanga ukaongezeka, duara likabaki.

Tatizo la chumba chembamba chenye giza si geni katika nchi za Waswahili, na wazee wa pwani walilitafutia dawa karne nyingi kabla ya umeme. Nenda Lamu, kule Kenya, katika nyumba za mawe za karne ya 18. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haina urefu wa kutosha, hivyo chumba hakikuweza kuzidi sana mita tatu kwa upana. Kiliweza kurefuka tu, kama ujia. Tena mwanga wa jua uliingia kwa upande mmoja, kutoka kiwanda cha ndani ya nyumba, ukawa unapungua kila unapozidi kwenda ndani. Mafundi walifanya nini? Walipiga kuta lipu ya chokaa nyeupe iliyolainishwa mpaka ikang'aa, irudishe kila chembe ya mwanga. Na ukuta wa mwisho kabisa, ule wenye giza kuliko wote, wakauchonga zidaka, safu juu ya safu, wakaweka humo sahani na bakuli za kaure kutoka Uchina. Mwanga kidogo uliofika ulidakwa na kaure zile, na ukuta ukaonekana kama una kina, kana kwamba chumba kinaendelea nyuma yake. Hawakuongeza hata inchi moja. Waliupeleka mwanga mwisho wa chumba, na jicho likaufuata.

Hiyo ndiyo kanuni ninayotaka uichukue leo, msikilizaji. Peleka mwanga mwisho wa chumba. Na hapo ndipo tunapokutana na mwenye nyumba.

Nilipoanza kazi ya utangazaji nilipanga chumba Makambako. Nyumba ilikuwa na vyumba vitano na LUKU moja. Baba mwenye nyumba alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye huruma kwa aliyechelewa kodi. Ila kila jioni alipita uani akitazama madirisha. Nilipofunga taa ya pili juu ya meza yangu ya kuandikia, haukupita usiku mmoja akabisha hodi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hapa kila chumba taa moja. Ukitaka mbili, lipia vyumba viwili."

Nikaiondoa. Wiki zile zile, chumba cha tatu, dada mmoja alikuwa akipiga pasi kila Jumapili nguo za nusu ya mtaa, kwa malipo. Hakuna aliyembishia hodi. Pasi haionekani dirishani.

Sikumlaumu mzee yule, na simlaumu leo. Alikuwa na hofu ya haki. LUKU moja ikitumiwa na watu watano, kila uniti inayokwisha ina watuhumiwa watano. Tena mpango wa bei wenyewe unaogopesha. Kwa bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani alilipa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti iliyozidi hapo shilingi 350, bila kuhesabu kodi na makato mengine. Nyumba ya familia moja yenye matumizi madogo ilijitahidi kubaki chini ya 75. Nyumba ya wapangaji watano, ni vigumu. Kwa hiyo mwenye nyumba akatafuta kitu anachoweza kukihesabu kwa macho, akahesabu taa.

Lakini tufanye hesabu, msikilizaji. Chukua kalamu.

Balbu ya zamani, ile yenye waya unaowaka moto ndani, ilikuwa aghalabu ya wati 60. Ikiwaka saa tano kila usiku, inakula wati-saa 300, yaani uniti 0.3. Kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 9. Vyumba vitano, balbu moja kila chumba, ni uniti 45. Hapo kweli mzee alikuwa na sababu. Balbu ya pili kila chumba ingefikisha 90.

Sasa chukua taa za LED, zilizojaa madukani kuanzia Njombe mjini hadi Matamba. Chagua za wati 5. Funga tatu katika chumba kimoja. Jumla wati 15. Saa tano kila usiku kwa mwezi mzima ni uniti 2 na robo. Vyumba vitano, taa tatu kila kimoja, yaani taa 15 nyumba nzima, ni uniti 11 na robo. Linganisha: taa tano za zamani, uniti 45, taa kumi na tano za sasa, uniti 11 na robo. Anayehesabu madirisha atasema nyumba ya pili ndiyo inayomfilisi.

Na ile pasi? Pasi ya wati 1,000 ikitumika saa moja inamaliza uniti nzima. Uniti hiyo ingewasha zile taa tatu kwa zaidi ya saa 66, yaani usiku kumi na tatu. Birika la umeme la wati 2,000 linamaliza uniti hiyo kwa nusu saa. Huko ndiko LUKU inakokwenda.

Mabadiliko haya yana historia yake. Taa za LED nyekundu na kijani zilikuwako zamani, zile nukta ndogo za kwenye redio. Kilichokosekana ni bluu, na bila bluu haupati mwanga mweupe. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, na mwenzao mzaliwa wa Japani Shuji Nakamura, waliipata bluu hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Sheria ya taa moja ni mtoto wa balbu ya wati 60. Mama amekwisha kuondoka, mtoto bado anatawala uani.

Sasa tuseme mwenye nyumba amekubali. Taa tatu hizo uzipange vipi?

Ya kwanza ipeleke kona iliyo mbali zaidi na mlango. Anayeingia jicho lake litakwenda moja kwa moja mpaka huko, na chumba kitaanza kuhesabiwa kutoka huko. Taa hiyo ielekee ukutani, isielekee machoni.

Ya pili iweke juu ya kabati, imejificha, ikitazama dari. Kama chumba kina siling bodi nyeupe, mwanga utagonga juu na kushuka taratibu chumba kizima, na dari itaonekana imeinuka. Kama juu ni mabati matupu na mbao, usipoteze mwanga huko, uelekeze ukutani.

Ya tatu ni ya kazi. Iweke karibu na meza ya kusomea, upande wa kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia. Wazazi, hili mlisikilize. Mwanafunzi mwenye balbu moja katikati ya chumba na meza iliyosukumwa ukutani huketi ameipa taa mgongo. Anaandika ndani ya kivuli cha kichwa chake mwenyewe, kila usiku, mwaka mzima, kisha tunamuuliza kwa nini anasinzia.

Kama chumba kimegawanywa kwa pazia, kila upande uwe na taa yake. Pazia lenye mwanga pande zote mbili linakuwa pazia. Lenye giza nyuma yake linakuwa ukuta.

Rangi nayo ina neno. Ukuta mweupe hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga unaoupata, ilhali tofali la kuchoma lisilopigwa lipu humeza sehemu kubwa. Mpangaji hana ruhusa ya kupaka rangi kila mahali, lakini shuka jeupe lililotandazwa ukutani nyuma ya taa halikatazwi na mtu. Kioo vilevile kisiwekwe nyuma ya mlango kinakoonyesha giza. Kiweke kitazamane na dirisha au na taa, kitakupa dirisha la pili. Na dirisha lenyewe, badala ya gunia, lizibe upepo kwa nailoni angavu inayopitisha mwanga wa mchana. Lakini anayewasha jiko la mkaa ndani asizibe kabisa, kwa sababu moshi wa mkaa usioonekana umekwisha kuua watu usingizini.

Kuhusu rangi ya mwanga, madukani mtaulizwa njano au nyeupe. Kwa baridi yetu mimi napenda njano kwa jioni, na nyeupe kwa meza ya kusomea. Muhimu ni taa mbili zinazoangaza kuta ziwe za rangi moja, maana zikipingana zinakikata chumba vipande.

Nisiwasahau walioko vitongojini ambako nguzo haijafika. Kanuni ni ile ile kwa taa ya sola. Itoe katikati, ipeleke kona ya mbali, itazame ukuta.

Hapa inabidi niwageukie vijana, maana hesabu ikimkosoa mwenye nyumba imkosoe na mpangaji. Siku hizi mmezipenda zile taa za mkanda, zinazouzwa kwa bunda la mita tano, zinazobadilika bluu, zambarau na nyekundu. Zimetoka kwenye baa na saluni zimeingia chumbani. Mambo mawili.

La kwanza, wati. Mikanda miwili ya mita tano yaweza kufanana kwa macho, mmoja ukala wati 24 na mwingine wati 72. Huo wa 72 unazidi hata ile balbu ya zamani tuliyoisema. Soma bunda kabla ya kununua. Mkanda huu waweza kukatwa penye alama zake, na kwa chumba cha futi 10 mita mbili nyuma ya kabati au ubao wa kitanda zinatosha kabisa. Rangi za bluu na zambarau kwa usiku kucha hazipanui kitu. Zinameza rangi ya ukuta na kukirudisha chumba gizani.

La pili, waya. Nimeona mkanda umeungwa kwa nyaya za kusokota na kufungwa kwa nailoni, umepitishwa chini ya godoro, umechomekwa kwenye ekstensheni moja pamoja na pasi na birika. Hiyo si taa ya mapambo. Mkanda wa volti 12 una adapta yake, na adapta ikae penye hewa, isifunikwe na nguo. Taa ya ukutani ifungwe na fundi umeme anayejua kazi. Mwenye nyumba anayekataa waya wa namna ile yuko sahihi, na namuunga mkono.

Basi napendekeza mapatano. Mpangaji anapohamia, yeye na mwenye nyumba waketi na karatasi moja. Waandike kila kifaa na wati zake: taa, redio, pasi, birika, jokofu kama lipo. Mchango wa LUKU ufuate wati na saa za matumizi, usifuate idadi ya madirisha yenye mwanga. Nyumba yenye uwezo ifunge mita ndogo kwa kila chumba, ugomvi uishe kabisa. Na taa za wati chache ziachwe huru, ziwe mbili, tatu au nne.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Walitaka uingie ndani ndipo uisifu. Baba mwenye nyumba, mama mwenye nyumba, yule uliyempangisha ametoka kazini, amesimama mchana kutwa darasani au wodini au nyuma ya meza ya duka. Amekulipa kodi ya futi 10 kwa 10. Kwa taa moja katikati unamruhusu atumie futi tano. Mwachie zilizobaki. Hazikugharimu kitu.

Mpaka juma lijalo, saa kama hii, nawatakia jioni njema.